Wauza dawa za "kusafisha sumu" Mombasa: watutajie ni sumu gani

Wana Mombasa, hili tulijadili bila kuoneana haya. Ukishuka feri Likoni, ukipita Kongowea au Marikiti, humkosi mtu na spika yake na chupa zake: dawa ya ini, figo, damu na tumbo, zote kwa kikombe kimoja. Msimamo wangu ni huu: asiyeweza kutaja ni sumu gani anayoitoa, na ametia nini ndani ya chupa, asiruhusiwe kuiuza.

Mwili haungoji kusafishwa mwisho wa mwezi. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu yote mwilini, mkojo ukatoka lita moja au mbili tu. Ini hugeuza amonia, sumu itokanayo na nyama na maharagwe tunayokula, ikawa yurea isiyo kali, kisha figo huitoa. Kazi hiyo haisimami hata tukilala. Sasa mtu anakunywa sanamaki, anaharisha usiku kucha, asubuhi ajiona mwepesi na kusema sumu imetoka. Kilichotoka ni maji na chumvi za mwili, na kwa joto letu la Machi hilo si jambo dogo, hasa kwa mzee au mgonjwa wa figo.

Sumu ya kweli twaijua. Kule Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia watu madini ya risasi mwilini, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia haki hiyo baada ya rufaa. Risasi hujificha mifupani miaka mingi. Haitolewi na chai ya majani. Kwanza mtu hutengwa na chanzo chake, na aliyezidiwa hupewa hospitalini dawa ya kuinasa, daktari akimwangalia.

Muuza dawa, Kongowea: Mwanangu, umetutia sote kapu moja. Mimi nimerithi kwa bibi yangu. Nauza mwarobaini, tangawizi na mdalasini, na kila mteja namtajia. Anayenijia ni mtu aliyepanga foleni zahanati tangu alfajiri, akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Ukinifukuza mimi, yeye utampeleka wapi?

Mkaazi wa Kisauni: Langu ni maji. Kila siku mwatwambia tunywe maji mengi. Huku kwetu kisima kina chumvi, mferejini hayatoki wiki nzima, ya kunywa twanunua kwa mtungi. Tabia njema bila maji ni maneno matupu.

Mwenye mada: Shikamoo mamangu. Foleni ya zahanati ni kweli tupu, na sitaki ufukuzwe. Unayetaja majani yako sina ugomvi nawe. Ila hata majani yana mipaka: mafuta ya mwarobaini wakinyweshwa watoto wachanga yamewahi kuwaletea degedege na kuwaharibia ini. Mteja wako mwenye mimba, au anayekunywa dawa za presha na sukari, lazima aulizwe kabla ya kupewa kikombe.

Ndugu wa Kisauni, lako ni zito kuliko chupa zote hizi. Mpakiaji mizigo anayetoka jasho kutwa bandarini, kisha akakosa maji safi, figo zake zinaumia, na kaunti ndiyo ya kuulizwa. Maji ya kisima chenye chumvi nayo si mazuri kwa mwenye presha.

Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu. Presha na sukari ndizo ziharibuzo figo kuliko vingi, basi tupimwe, na soda isiwe kinywaji cha kila mlo. Sukari nyingi hulijaza ini mafuta hata kwa mtu asiyegusa pombe. Dawa za maumivu tunazonunua dukani na kuzimeza kila siku kwa ajili ya mgongo huumiza figo. Parasetamoli ikizidi kipimo huua ini. Mahindi na njugu zilizoota ukungu tusizichambue tukala zilizobaki: sumukuvu haionekani kwa macho na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 Ukambani, na kwa anayeila kidogo kidogo huleta saratani ya ini. Na mboga zetu, mchunga, kunde, mchicha, zina nyuzinyuzi za kuondoa taka tumboni bila kuharisha.

Mamangu, nakuuliza wewe kwanza kwa sababu unajua kazi yako: ukitakiwa kuandika kwenye kila chupa majani uliyotia, kipimo chake na nani asinywe, utakubali? Na wenzio wenye spika mwadhani wataandika nini?