Naomba ushauri: kupata maneno marefu ya Kiingereza yenye herufi maalumu

Habari zenu wanajamvi. Natengeneza chemshabongo ya maneno ya Kiingereza na nimekwama kwenye kona moja, hivyo naomba msaada wa wenye uzoefu.

Nahitaji neno la herufi tisa au zaidi lenye Q na X, popote zilipo ndani ya neno. Ninalo faili la maneno, kila neno na mstari wake, na ninatafuta kwa grep, amri ya kompyuta inayotafuta maandishi ndani ya faili. Nikiandika q.*x (yaani q, kisha herufi zozote, kisha x) inaniletea quixotically, vizuri kabisa, lakini inaacha exquisite na exchequer kwa sababu humo X inatangulia Q. Nikigeuza iwe x.*q, hayo mawili yanakuja, quixotically inapotea. Kwa herufi mbili naweza kutafuta mara mbili na kuunganisha majibu. Zikifika nne, mipangilio inakuwa 24, na hapo ndipo ninapochoka. Kamusi ya kawaida haisaidii, imepangwa kialfabeti kuanzia herufi ya kwanza.

Maswali yangu: naandikaje amri moja inayodai herufi zote bila kujali mpangilio, pamoja na urefu wa neno? Na nikitaka herufi ijirudie, mfano Z mbili kama kwenye quizzical, hata zisipokaa pamoja, naidaije?

Natanguliza shukrani.