Naomba ushauri: nimeachiwa kayaki ya kujaza upepo, nianzie wapi hapa Dar?

Kijana wa Tegeta

Habari zenu wakuu. Shemeji yangu amehamia Dodoma, akaniachia kayaki ya kujaza upepo ya watu wawili, pampu ya mkono, makafi mawili na pezi la kuchomeka chini. Wiki ya tatu sasa iko sebuleni, kila jioni naiangalia tu. Nina kilo 82, kuogelea najua ila nikifika mita hamsini pumzi zimekata. Ndoto yangu ni kutoka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya na mke wangu, maana ukisimama ufukweni kinaonekana karibu kabisa. Je, naweza kuanzia hapo? Upepo nijaze kiasi gani? Halafu tyubu ya kushoto nikiijaza jioni, asubuhi naikuta imelegea. Nawasikiliza.

Mzee Ngalawa

Mwanangu, Mbudya iache kwanza. Ule ukaribu ni wa macho tu. Pale katikati zinapita boti za wavuvi na za watalii, na chombo chako hakina uzito wa kushika maji. Kinaelea juu kama jani, upepo ukikisukuma kinaondoka.

Nimevua pande hizo miaka mingi, na kinachowaponza wageni wa bahari ni upepo wa kutoka nchi kavu kuliko mawimbi. Asubuhi umande, ndio huo upepo wa nchi kavu, unavuma kuelekea nje, na karibu na ufukwe maji yametulia tuli kwa sababu miti na nyumba zinayakinga. Unapiga kafi unajiona fundi, kumbe unasukumwa. Ukigeuka kurudi ndipo unapojua. Kwa hiyo kabla hujaingia, shika mchanga mkavu, inua mkono hadi usawa wa bega, uachie kidogo kidogo. Ukipeperukia baharini, kaa unywe chai, subiri. Ukidondoka wima au ukipeperukia nchi kavu taratibu, ingia.

Jambo la pili ni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua: maji yanajaa mno na kupwa mno, tofauti yake hapa Dar inapita mita tatu, na mkondo una nguvu. Wewe tafuta maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo maji ya Dar hujaa asubuhi, kwenye saa tatu hadi saa tano hivi, nayo hayaendi mbali. Ingia yanapokaribia kujaa, tembea sambamba na ufukwe, kina kisipite kifua chako. Na usisogelee njia ya meli kule bandarini.

Binti Bagamoyo

Mzee amesema yote ya upepo. Mimi naongeza la kuanguka, kaka yangu, kwa sababu ninayo kayaki kama hiyo mwaka wa nne na siku ya kwanza nilianguka nikashindwa kupanda. Nilivuta upande mmoja, ikanipindukia kichwani. Nikavuta tena, ikapinduka tena. Nilikuwa kwenye maji ya shingo tu, lakini niliogopa hadi nikasahau kwamba naweza kusimama.

Fanya hivi ukiwa kwenye maji ya kifua, kabla hujajifunza kitu kingine chochote. Jiangushe makusudi. Kama imepinduka, pitisha mkono juu ya tumbo lake, shika ukingo wa upande wa pili, uvute kwako huku umeegemea nyuma. Ikishakaa sawa, usijaribu kupanda kama unayepanda kitanda. Nyoosha miguu nyuma ikae usawa wa maji, pigapiga kama unaogelea, jisukume hadi kifua kilale juu yake, kisha kitovu, halafu ndiyo ugeuke ukae. Rudia hadi usihitaji kufikiri.

Jaketi okozi livae na ulifunge. Wengi wanaliweka kitini wakidhani watalivaa likihitajika. Ndani ya maji hulivai, nimejaribu. Filimbi ining'inize kwenye jaketi, simu itie kwenye mfuko usioingiza maji, na mtu abaki ufukweni akijua utarudi saa ngapi. Mikokoni usiende bado, chaza waliogandamana na mizizi wanakata tyubu kama wembe.

Fundi Viraka

Mkuu, hiyo tyubu ijaze, koroga sabuni ya unga na maji, paka kwa sponji kuanzia kwenye vali. Mara nyingi ni vali ina mchanga au haijakazwa. Utaona vipovu vidogo vinachomoka mfululizo sehemu moja. Kama ni tundu, weka alama kwa kalamu, toa upepo wote, safisha, kausha, bandika kiraka cha PVC kwa gundi ya PVC. Solusheni ya baiskeli usitumie, itabanduka.

Upepo: soma namba iliyoandikwa karibu na vali. Nyingi za aina hiyo zinataka PSI (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 1 hadi 3, wakati tairi la gari ni 30 na kitu. Tafadhali usiipeleke kwa wajaza matairi, itapasuka mshono. Usiiache juani mchangani ikiwa imejaa, hewa inatanuka. Ukiiingiza majini ikapoa italegea kidogo, ongeza pampu mbili tatu. Ukimaliza, suuza chumvi, anika kivulini, ndipo ukunje.

Mtu wa Mwanza

Watakaosoma uzi huu wakiwa huku ziwani: kwetu kuna kichocho, viboko na mamba. Waulizeni wavuvi wa mwalo husika kwanza.

Kijana wa Tegeta

Wakuu, nimerudi. Ilikuwa vali, kulikuwa na punje za mchanga ndani. Jumamosi mwezi ulikuwa nusu, nikaingia saa tatu, mchanga ulidondoka wima. Nimejiangusha mara saba. Mara nne za mwanzo sikuweza kupanda, ya tano nikapanda nikakaa nikiwa nimeangalia nyuma, mbili za mwisho nikapanda vizuri. Mke wangu alikuwa ufukweni na filimbi, anauliza zamu yake lini. Mzee, kusi, ule upepo wa msimu wa kutoka kusini, likianza niache kabisa?

Mzee Ngalawa

Likikaza, acha. Subiri maleleji, upepo unapotulia kati ya misimu. Na mama naye aanze kwa kuanguka.