Habu ya gia za ndani kwenye fremu ya Raleigh ya zamani: itaingia?

kanyaga_twende
Wakuu, habari za kazi. Fremu ni Raleigh ya wanaume, ile nzito ya breki za fito (zinazovutwa kwa vyuma, si waya), magurudumu 28 x 1½. Nataka nyuma iingie habu (kitovu cha gurudumu) ya kisasa yenye gia ndani, Shimano Nexus ya gia 3 au ya gia 8. Vipimo: masikio ya nyuma (pale ekseli inapokaa) yameachana mm 113, ringi ya nyuma ina matundu 40 na ya mbele 32, meno 46 mbele na 18 nyuma. Itabeba gunia la kilo 50 mara kwa mara. Fremu inatanuka kiasi gani bila kuharibika? Na ringi ya zamani naweza kuitumia tena?

spoku_namba14
Gia 8 iache. Nexus 8 inadai mm 132 na wewe una 113. Hizo ni mm 19 za kupanua, na hata fremu ikikubali, masikio yatabaki na matege. Nexus 3 yenye breki ya kukanyaga nyuma inataka 120, yaani mm 3.5 kila upande. Chuma cha Raleigh kinavumilia hilo kikiwa baridi. Usipashe moto, viungo vyake vimeunganishwa kwa shaba.

Wengi huweka fimbo ya nyuzi M10 (unene mm 10) na nati mbili katikati ya masikio, wakazungusha. Inapanua kweli, ila upande mlaini ndio unaosogea wote na mgumu unabaki palepale. Fanya upande mmoja mmoja. Ubao mrefu wa mbili kwa nne uingie kati ya mabomba ya nyuma, ncha iegemee bomba la kiti, uvute sikio kwenda nje. Vuta kidogo, achia, pima, kwa sababu chuma hurudi.

Kila ukivuta mara mbili tatu, pima kwa uzi: funga kwenye sikio la kulia, zungusha mbele kwenye bomba la usukani, rudisha hadi sikio la kushoto. Pengo kati ya uzi na bomba la kiti lilingane pande zote. Tofauti isizidi mm 1. Halafu kuna hatua ambayo mafundi huiruka: masikio yenyewe sasa yametazama nje. Funga bolti mbili za M10, moja kila sikio, ncha zielekeane. Zisipokutana, nyoosha sikio kwa spana kubwa ya kurekebisha. Ukiacha hivyo, ekseli inapinda kila unapokaza nati, na siku moja itakatika.

Ringi: haiwezekani. Habu ina matundu 36. Kuna wanaoruka matundu 4 kwenye ringi ya 40, spoku zinatoka urefu tofauti na ringi inabaki na sehemu tupu. Kwa gunia? Hapana. Tafuta ringi ya 635 (kipenyo kwa mm pale tairi inapokaa, ndiyo 28 x 1½ yako) yenye matundu 36. Baiskeli za Kiholanzi hutumia kipimo hichohicho. Usichukue 622 (700C) kama unataka breki za fito zibaki, maana ukingo utakuwa umeshuka mm 6.5 na mpira wa breki hautaugusa inavyotakiwa.

Spoku usikisie. Mfano: kipenyo cha ringi kinapoishia spoku 622, kipenyo cha matundu ya habu 75, nusu ya upana kati ya flanji (sahani za habu zinazoshika spoku) 28, mkato wa 3 (kila spoku inakatiza nyingine tatu): inatoka karibu mm 294. Pima vyako kwanza, ndipo uende dukani.

mafuta_na_grisi
Nakubali yote isipokuwa uchaguzi wa habu. Kigeuza gia cha Nexus 3 ni cha kuzungusha kwenye mshikio, na usukani wa breki za fito una mikono ya breki inayopita chini ya mshikio huohuo. Vidole vitabanana. Habu ya chapa ya Sturmey-Archer ya gia 3 ina kigeuza cha kidole gumba, kinakaa popote kwenye bomba la mm 22.2, na habu yake isiyo na breki huingia chini ya mm 120. Hapo fito za nyuma zinabaki kazini.

Breki ya kukanyaga nyuma kwenye mteremko mrefu na mzigo hupata moto hadi grisi inayeyuka. Mtu wa Lushoto asiitegemee peke yake.

Meno pia. 46 kwa 18 itakupa gia ya 2 sawa na baiskeli ilivyo sasa, na gia ya 3 utakayoitumia Krismasi. Weka 22 nyuma. Kwenye Nexus, gia ya 1 ni 0.733, hivyo mzunguko mmoja wa pedeli unasogea karibu m 3.4 badala ya m 5.7 za sasa. Kagua kwanza kama kava ya cheni haitagusa.

kanyaga_twende
Asanteni. Washa mbili zenye jino zilizokuja na habu ni za lazima? Ekseli naona fupi: keria, stendi na madigadi vyote vinafungwa hapohapo.

spoku_namba14
Ni za lazima. Gia ndogo ya katikati imeshikwa na ekseli, kwa hiyo ukiwa gia ya 1 au ya 3 nguvu ya mguu inaisukuma ekseli izunguke. Gia ya 2 inapita moja kwa moja bila kuisukuma, ndiyo maana kosa hujificha hadi ukutane na mlima. Jino liingie ndani ya mkato wa sikio, washa ilale kwenye chuma tupu cha fremu. Keria na vingine vije nje yake. Nati ishike nyuzi zake zote. Ikikosa, agiza ekseli ndefu au hamisha stendi. Kaza Nm 30 hadi 45.

mafuta_na_grisi
Kama ni Nexus, rekebisha waya ukiwa gia ya 2, mstari ukae kati ya alama mbili kwenye kidirisha cha kifaa cha waya kilicho ncha ya ekseli. Cheni icheze mm 10 hadi 15 katikati. Ukisogeza gurudumu kukaza cheni, waya nao urekebishwe upya. Na tafadhali, usilainishe cheni kwa mafuta ya kupikia, yabaki jikoni.