Je, kujua aina ya haiba humsaidia mtu anayepona tatizo la ulaji?

Dada Mkubwa:
Habari zenu, ndugu. Mdogo wangu ana umri wa miaka 19 na huu ni mwezi wa nne tangu aanze matibabu ya anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Hivi karibuni alijaza kipimo cha haiba, yaani tabia na hulka ya mtu, mtandaoni; huwagawa watu katika aina 16, nacho kinafuata mawazo ya Isabel Briggs Myers na mama yake waliojengea juu ya kazi ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Tangu siku hiyo amekuwa akinieleza habari za nafsi yake badala ya habari za uzito wake, na nakiri kwamba nililia kwa furaha. Hata hivyo, ameyachapisha maelezo ya aina yake, akayabandika juu ya kitanda, na kwa kalamu nyekundu akayapigia mstari maneno "mwenye nidhamu ya hali ya juu". Nikimsihi aongeze chakula kidogo, hunionyesha karatasi ile na kuniambia kwamba ndivyo alivyoumbwa. Je, nimwunge mkono au nimkataze?

Mshauri:
Pole sana, dada. Linalonitia wasiwasi zaidi ni wakati alipokijaza kipimo hicho, kwa kuwa mwili ulionyimwa chakula hubadilisha hata tabia. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa takriban miezi sita wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe. Watu waliokuwa wachangamfu walijitenga, wakawa wepesi wa hasira, wakapoteza hamu ya mapenzi na ya mazungumzo, na baadhi yao wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi na kula kwa taratibu walizojiwekea. Kama mmoja wao angejaza kipimo wakati huo, angeambiwa kwamba yeye ni mkimya mwenye kupenda upweke, kumbe anayejibu ni njaa.

Sisemi kwamba haiba haina nafasi. Watafiti wamekuta mara nyingi kwamba hamu ya kutaka kila jambo liwe kamili huambatana na anoreksia, na kwamba kutenda kwa msukumo wa ghafla huonekana zaidi kwa wenye bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kufidia kwa njia nyingine. Ndiyo maana tiba ya matatizo ya ulaji iliyobuniwa na Christopher Fairburn, daktari wa akili wa Uingereza, ina sehemu inayoshughulikia hamu hiyo ya ukamilifu. Lakini sifa hizo mtu huwa nazo kwa kiwango, kikubwa au kidogo, na kiwango hicho huweza kubadilika. Kumweka mtu katika kisanduku chenye jina ni jambo jingine kabisa.

Niliyepona:
Nakubaliana na Mshauri, ila nakuomba, dada yangu, usiibandue karatasi hiyo. Nilipokuwa naugua bulimia nilikuwa na karatasi kama hiyo, na mtu aliponichania niliacha kuzungumza naye kwa wiki kadhaa. Kilichonisaidia ni swali ambalo mwanasaikolojia wangu aliniuliza kwa kila sifa: sasa hivi inamtumikia nani, wewe au ugonjwa? Tulipofika kwenye nidhamu, nilitambua kwamba nidhamu ileile iliyonifanya nijinyime chakula ingeweza kunifanya nikae mezani saa ya kula ifikapo, hata nikiwa sina hamu, na hivyo ndivyo nilivyoanza.

Mshauri:
Swali zuri sana hilo, na ni bora aulizwe na anayemtibu, asije akaliona kama mtego wa nyumbani. Niongeze moja tu: akizimia, moyo ukienda mbio au kudunda bila mpangilio, au akianza kukataa chakula chote, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Dada Mkubwa:
Nawashukuru kwa dhati. Jana usiku sikumwuliza juu ya nidhamu. Nilimwuliza tu ni maneno gani rafiki zake wa kabla ya ugonjwa wangeyapigia mstari. Aliisoma karatasi yote tangu juu hadi chini, akarudia, kisha akasema kwamba haisemi popote kuwa alikuwa akiimba. Kwa mkono wake akaliandika neno hilo pembeni, kwa penseli. Amekubali tuipeleke kwa mwanasaikolojia wake wiki ijayo.