Kisigino kinaniuma asubuhi, nikitembea kinapoa. Hiki ni nini?

Karani wa Ghala (Mikindani)
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi ni karani kwenye ghala la korosho. Kazi yangu ni kusimama mlangoni juu ya sakafu ya saruji toka saa moja na nusu asubuhi, nahesabu magunia yanayoshuka. Tangu msimu ulipoanza Oktoba, kisigino cha kulia kimenigeuka. Nikiamka kuswali alfajiri, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Nashika ukuta mpaka bafuni. Nikizungukazunguka kinapoa, nasahau kabisa. Saa nne nikikaa kula ming'oko, kuinuka tu, msumari uleule.

Nilipiga picha mahali fulani, nikaonyeshwa kamfupa kamechomoza kama mwiba, nikaambiwa dawa yake upasuaji. Kwa bei waliyonitajia, heri nichechemee. Jirani naye akanichua kwa mafuta ya nazi ya moto na nguvu zake zote za ujana. Siku mbili sikuvaa kiatu. Umri 47, uzito sitaki kusema.

Mama Zai
Pole sana baba. Hapo mlangoni unasimama na kiatu gani?

Karani wa Ghala
Ndala. Tena zimelika kisigino, sakafu naisikia.

Fizio wa Lindi
Kaka, usikimbilie kisu. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, unaanzia kwenye mfupa wa kisigino unakwenda hadi vidoleni. Ukisimama sana pagumu unachokozwa pale unaposhikia mfupa. Usiku ukilala unajikunja, asubuhi unaukanyaga ghafla unavutika. Ndiyo huo msumari wako. Kamfupa kasikutishe, wapo wengi wanako na hawaumwi popote.

Fanya hivi kabla hujashuka kitandani: pandisha mguu juu ya goti la pili, vuta vidole vije kwako mpaka unyayo ukaze, hesabu 10, achia. Rudia mara 10. Kisha simama ukiegemea ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino chini, uvute kigimbi. Jioni gandisha maji kwenye chupa, uiviringishe chini ya unyayo dakika 10 hivi. Ndala tupa, tafuta raba yenye soli nene, hata ya mtumba, na usitembee peku hata ndani. Wengi hupona bila upasuaji, ila ni kwa miezi, si kwa siku.

Mama Zai
Naongeza kwa wanaosoma: barafu siyo ya kila mtu. Shemeji yangu huku Masasi ana sukari, miguu imekufa ganzi. Alikanyaga kifuu asisikie, tukaja kushtuka kidole kimeshabadilika rangi. Mwenye sukari akague nyayo kila usiku, na kidonda hata kidogo akionyeshe hospitali. Baba, umepima sukari?

Dereva Boda
Mimi langu ni fundo la mguu. Nimeteguka juzi uwanjani, limevimba kama embe.

Fizio wa Lindi
Dogo, ukishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa fundo unauma, kapige picha leo. Kama unatembea, lifunge bandeji isiyokaba, barafu ndani ya kitambaa, mguu uwe juu ya mto. Wala asikuvute mtu.

Karani wa Ghala
Narudi baada ya wiki sita. Sukari nimepima, salama. Raba nimepata ya mtumba, ya kijani, vijana wa ghalani wananiita mchezaji wa akiba. Mazoezi ya kitandani sijaacha ila siku mbili za msiba. Alfajiri bado kuna kitu, lakini sasa ni kokoto, si msumari, na ukuta sishiki tena. Ila ile chupa nawaomba muifiche: wajukuu wameifungua wakanywa, wakasema maji yana harufu ya babu.