Naomba msaada kutambua ndege na manowari zilizokuwepo meli ya babu ilipozama, Februari 1944

MjukuuWaMzinga:
Wakuu, heshima kwenu. Babu mzaa baba alichukuliwa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wakati wa vita vya Hitla, akapangiwa kikosi cha mizinga. Aliondokea Mombasa na hakurudi. Barua iliyofika nyumbani ilisema tu amefia baharini, 12/2/1944. Shangazi ameshikilia maneno ya askari mwenzake aliyenusurika: ndege ilizunguka juu yao, baadaye mlipuko, meli ikazama kabla hujamaliza kusali Baba Yetu. Ukoo mzima unaamini walipigwa na ndege ya Mjapani. Shangazi anayo pia picha iliyochakaa ya manowari moja. Ni ndege gani hiyo? Na manowari zipi zilikuwepo?

Nahodha_Mstaafu:
Pole kwa msiba wa ukoo, hata kama ni wa zamani. Kwa tarehe hiyo na kikosi cha mizinga, hiyo ni Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya Wachile, baadaye ikauzwa Misri, vita vilipoanza Waingereza wakaitumia kubeba askari. Ilitoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo na wenzake wanne: City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Ndani yake kulikuwa na watu 1,500 hivi, wengi wao wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Wakiwa kusini mwa Maldives, mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 iliwapiga topido (makombora ya majini) mbili. Meli ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Walipona 214 tu.

Kwa hiyo ndege haikuizamisha. Sala ya Baba Yetu, hapo mwenzake babu hakutia chumvi.

KijanaWaPwani:
Mkuu, fidia je? Malkia alilipa?

Nahodha_Mstaafu:
Mwaka 1944 alikuwepo mfalme. Tuendelee na mada.

Manowari zilikuwa tatu. Kruza (manowari kubwa) Hawkins, mabomba mawili ya moshi. Destroya (manowari ndogo za kasi) mbili, Petard na Paladin, ndugu wa tumbo moja, kila moja bomba moja la moshi. Hizo mbili ukiziona kwenye picha huwezi kuzitofautisha kwa umbo. Tazama namba ya ubavuni: Petard ni G56, Paladin ni G69.

Kipanga_Juu:
Mimi niseme la ndege, maana shangazi asichukuliwe kuwa mwongo. Askari mwenzake babu aliona ndege, ila nadhani ilikuwa ya Waingereza. Kikosi cha 209 cha anga kilikuwa Kipevu, Mombasa, na ndege zao za Catalina kazi yake ilikuwa kupiga doria baharini. Muulize shangazi kama alisimuliwa umbo lake. Catalina ina bawa moja refu lililokaa juu ya mwili, injini mbili, na tumbo kama mtumbwi. Ndege ndogo zilizobebwa na nyambizi za Kijapani zilikuwa na injini moja na maboya mawili chini. Hizo nazo si hadithi: Mei 1942 moja iliyotoka nyambizi I-30 ilipita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam kupeleleza.

Alama pia huwachanganya watu. Mjapani alichora duara jekundu. Waingereza wa upande huo wa Bahari ya Hindi walifuta wekundu wa katikati ya duara lao wasije wakapigwa na wenzao. Ukisikia "duara la buluu na jeupe", ni wao.

Ninavyoona, habari mbili zimeunganishwa. Aprili 1942 ndege za Kijapani kutoka meli za kubebea ndege zilizamisha kweli manowari za Waingereza karibu na Ceylon (Sri Lanka ya leo): Cornwall, Dorsetshire, kisha Hermes. Baada ya hapo meli nyingi za kivita zikahamia Kilindini. Mabaharia waliohama walizisimulia habari hizo bandarini, na askari wa Keya walizisikia humo humo.

MjukuuWaMzinga:
Nimempigia shangazi. Umbo la ndege hakusimuliwa. Picha: bomba moja la moshi, ubavuni G, tarakimu ya kwanza imekwanguka, ya pili ni 6.

Nahodha_Mstaafu:
6 ikiwa mwishoni, katika hizo tatu ni Petard. Ndiyo iliyommaliza I-27. Kwanza mabomu ya chini ya maji, na hapa pana uchungu: walionusurika walikuwa bado wanaogelea karibu, wengine waliuawa na mabomu hayo. Nyambizi ikaibuka. Paladin ikaenda kuigonga, ikachanwa yenyewe ubavuni. Mizinga haikutoboa. Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine mpaka ya saba ikafika. Meli hiyo hiyo ilishazamisha nyambizi ya Mjerumani na ya Mwitaliano.

Mama_Kumbukumbu:
Ndugu, sasa mtafute babu mwenyewe. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, bure. Chuja kwa tarehe 12 Februari 1944 na East African Artillery. Usiandike jina moja tu. Makarani waliandika walivyosikia, jaribu R badala ya L, na jina la baba yake likiwa mbele. Ripoti za misafara ya meli ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, kundi la ADM 199. Jina la baba yake babu ni nani, na kwao ni wilaya gani? Nitumie faragha nikusaidie kuchuja.