Anasoma majina ya wanaopunguzwa huku anatafuna SOSEJI?!

Wakuu, naandika natetemeka. Mnamjua. Yule wa ofisi ya juu, mwenye buti nyeupe ambazo hazijagusa tone la damu tangu dunia iumbwe.

Leo katuita wote wa kutoa mifupa hapa kiwanda cha nyama, aproni zinachuruzika, glavu za chuma hatujavua. Akaanza kusoma majina HUKU ANATAFUNA SOSEJI. Tuliyoisaga sisi, tukaijaza sisi! Jina, anatafuna. Jina, anatafuna. Langu limetoka na chembe, moja ikatua kwenye karatasi, akaipangusa kwa kidole, akaendelea!

Eti ng'ombe wameadimika. Sawa, hata Marekani hesabu ya ng'ombe mwaka 2025 ilishuka mpaka kiwango ambacho hakijaonekana tangu 1951. Na mnyororo unaotuletea nyama haupunguzwi kasi, watakaobaki watakata mafungu ya watu wawili mpaka vidole vife ganzi. Hayo yote nameza. Ila yeye kilichomshinda kumeza kwanza ni nini?

KisuButu: Pole mkuu. Soseji tumeielewa. Malipo ya notisi umepewa?

Mleta uzi: Notisi baadaye! Katafuna mbele ya wazee waliopindika vidole kwa kushika kisu!

KisuButu: Yaani huyu kafukuzwa kazi, analilia adabu za mezani 😂

MamaUtumbo: Wewe umesomewa jina, shukuru. Sisi wa kusafisha utumbo tulijua tumeachishwa kadi zilipogoma getini, alfajiri, giza totoro.

MzeeNdoano: Hayajaanza leo. Union Stock Yards, lile soko kubwa la mifugo na machinjio la Chicago, lilifunguliwa 1865, likafungwa 1971. Viwanda vilishahamia karibu na ng'ombe, nyama inakatwa hukohuko na kusafirishwa kwenye maboksi. Wachinjaji wa mjini wakabaki na visu vyao.

KisuButu: Mzee, hapa ni soseji tu.

Zamu_ya_Usiku: Ugonjwa ni mawakala wa ajira. Ijumaa unaachishwa wewe wa mkataba, Jumatatu wakala kaleta mwingine wa mshahara mdogo, kasimama palepale, ndoano ileile.

MamaUtumbo: Na buti anakatwa kwenye mshahara!

Zamu_ya_Usiku: Buti tu? Sisi mpaka kisu na kifaa cha kunolea.

Mleta uzi: Jamani, mbona mmeniacha? ALIKUWA ANATAFUNA!

MzeeNdoano: Mama, hiyo ya buti ina maandishi kwenye mkataba au wanakata kienyeji?

MamaUtumbo: Kienyeji kabisa. Ngoja nitafute karatasi ya mshahara, naifungulia uzi wake.